Maji ya Bwawa la Perege: Kwa Nini Samaki Hufa Alfajiri

Wako wakulima wengi sasa wenye mabwawa ya perege. Katika Kenya majaribio ya kufuga samaki hawa yalianza mwaka 1924, na tangu mwaka 2009, Serikali ilipowasaidia wakulima kuchimba mabwawa ya meta za mraba 300, kazi hii imeenea sana vijijini. Lakini liko jambo linalowaondolea wengi faida yao, tena huwakosanisha na jirani zao. Mtu hulala samaki wake wakiwa wazima, akaamka akawakuta wanaelea matumbo juu. Mara husema, "Nimetiliwa sumu." Basi, mkulima, kabla hujamshuku jirani yako, yachunguze maji yako kwanza.

Yakupasa kujua ya kuwa samaki huvuta pumzi kama wewe, ila yeye huipata hewa iliyomo majini, kwa njia ya mashavu yake mekundu. Hewa hiyo huingizwa na upepo, na nyingine hufanywa na vimea vidogo mno, vile viyapavyo maji rangi ya kijani. Vimea hivyo hufanya hewa wakati wa jua tu. Usiku huacha kuifanya, navyo pia huitumia, pamoja na samaki na samadi inayooza. Kwa hiyo hewa hupungua saa kwa saa mpaka karibu na mapambazuko, ndipo inapokuwa haba kabisa. Ikiwa maji ni ya kijani kupita kiasi, au samadi imezidi, au mchana ulikuwa wa mawingu, akiba haitoshi kufika asubuhi.

Utapambanuaje? Samaki wakikosa hewa, hupanda juu alfajiri wakitwetatweta kwa vinywa wazi, na wakubwa hutangulia kufa, wadogo wakabaki. Sumu haingoji alfajiri. Huua wakati wo wote, wakubwa kwa wadogo, na mara nyingi vyura na wadudu wa majini hufa pia. Ukiona hivyo, usiwale samaki hao, bali mpelekee habari afisa wa uvuvi. Tena fikiri kama dawa ya kunyunyizia mimea haikuoshwa na mvua kutoka shambani mwako mwenyewe.

Ili kuzuia hasara, shika mambo haya:

1. Pima maji kwa mkono wako kila juma. Uzamishe mkono polepole, ukikitazama kiganja. Kikitoweka maji yafikapo kwenye kiwiko, ni vema. Kikitoweka mapema, acha kutia samadi. Kikionekana hata kiwiko kimezama, ongeza samadi kidogo.

2. Kwa bwawa la meta za mraba 300, samadi kavu ya kilo 15 kwa juma yatosha. Usiitupe ovyo, bali itie katika gunia, ulifunge kwenye mti pembeni mwa bwawa, ili uweze kulitoa upesi likihitajiwa kutolewa.

3. Lisha saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, kiasi cha kuliwa katika robo saa. Pumba zinazobaki huoza chini, zikala hewa na kuchafua maji.

4. Usiache maji kupita bwawani mchana na usiku. Hayo huondoa rutuba na kuwatia samaki baridi, nao perege hukua vema katika maji ya vuguvugu. Tia maji ya kufidia yaliyopungua tu.

5. Mfereji wa kuingizia maji uwe juu ya uso wa bwawa, maji yaanguke juu ya mawe na kuchanganyika na hewa.

Ukiwakuta samaki wakitweta, usiwalishe siku hiyo. Toa gunia la samadi, fungulia maji mapya, na kama hayapo, chota ya bwawa kwa debe na kuyamwaga tena kutoka juu, au yapige kwa matawi, mpaka jua lipande.

Katika majira ya mawingu, amka kabla ya jua ukalitazame bwawa lako. Kazi hii haina gharama, nayo huokoa mavuno ya miezi mingi, na pamoja nayo ujirani mwema.