Duchenne: Jinsi kasoro ya jeni moja inavyovuruga misuli ya mwili mzima

Mvulana wa miaka minne asiyeweza kuinuka kutoka sakafuni bila kujishika magoti na mapaja, kana kwamba anaupanda mwili wake mwenyewe, huweza kuitwa mvivu. Katika mitaa kama Namuwongo, jijini Kampala, ambako nyumba zimebanana kandokando ya reli na mfereji wa Nakivubo, huweza pia kusemwa kuwa amerogwa, na mama yake akanyoshewa kidole. Madaktari wana jina jingine la hali hiyo: ugonjwa wa Duchenne, unaompata takriban mvulana mmoja kati ya kila 5,000 wanaozaliwa.

Chanzo chake ni jeni moja tu, iliyotambuliwa mwaka 1986 na timu ya Louis Kunkel mjini Boston, Marekani. Jeni hiyo imo katika kromosomu X na ina herufi zaidi ya milioni mbili. Kazi yake ni kutoa maelekezo ya kutengeneza protini iitwayo distrofini, na seli huyasoma maelekezo hayo kwa mafungu ya herufi tatu tatu. Chukua sentensi MTU ALA UJI. Ikidondoka herufi U ya kwanza, msomaji wa tatu tatu atapata MTA LAU JI, maneno yasiyoeleweka. Likidondoka fungu zima la ALA, hubaki MTU UJI: lina kasoro, lakini linasomeka. Ndiyo maana mtoto aliyepoteza sehemu kubwa ya jeni anaweza kupata ugonjwa hafifu zaidi, uitwao Becker, ilhali aliyepoteza sehemu ndogo akapata Duchenne.

Lakini kukosekana kwa protini moja kunauangushaje mwili mzima? Distrofini haifanyi kazi peke yake. Upande mmoja imeshika nyuzi za ndani ya seli ya msuli. Upande wa pili imeshika kundi la protini zilizopenya utando wa seli hadi nje, mfano wa kamba inayofunga paa kwenye nguzo. Isipokuwapo, kundi hilo lote husambaratika, na utando huchanika kila msuli unapofanya kazi. Kalsiamu huingia kwa wingi na kuamsha vimeng'enya vinavyoula msuli kutoka ndani. Kimeng'enya kingine, ambacho hujiegemeza kwenye kundi hilo na kutoa nitriki oksidi ya kupanua mishipa ya damu, hupoteza makao yake. Msuli ukakosa damu ya kutosha. Kinga ya mwili nayo huja kusafisha uharibifu, haiondoki, na pale palipokuwa na msuli hujaa kovu na mafuta. Vigimbi hunenepa, na wazazi hudhani mtoto ana nguvu.

Misuli inayovunjika humwaga kwenye damu kimeng'enya cha kreatini kinesi, pamoja na vile ambavyo maabara huvipima kuchunguza ini. Hivyo mtoto anaweza kutafutiwa ugonjwa wa ini ilhali tatizo liko kwenye misuli.

Dawa iliyozoeleka ni ya zamani na ya bei nafuu: prednisoloni, ambayo huongeza muda wa mtoto kutembea, ingawa huleta unene na kudhoofisha mifupa. Tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa bei ya dola milioni 3.2 hubeba distrofini iliyofupishwa, kwa kuwa jeni kamili haienei ndani ya kirusi kinachoisafirisha. Mwaka 2025 ilifahamika kuwa vijana wawili waliokuwa hawawezi tena kutembea walifariki baada ya kuipata, ini likiwa limeshindwa kufanya kazi. Kwa familia ya Namuwongo, prednisoloni na uchunguzi wa moyo na mapafu kwa wakati ndivyo vyenye uzito zaidi kwa sasa.

Na mama? Takriban theluthi mbili ya akina mama wa wavulana hawa hubeba kasoro hiyo bila kujua. Kwa waliobaki, imezuka upya kwa mtoto. Si chakula wala tendo lolote la wakati wa ujauzito lililoileta. Mama anayeibeba, kila binti yake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, na mama mwenyewe anashauriwa kupimwa moyo hata akijiona mzima, kwani msuli wa moyo wake nao unaweza kudhoofika.