Laptopu ya Kikundi: Betri Ikiisha, Hesabu Zibaki

Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vimepata laptopu. Wengine wamenunua kwa harambee, wengine wamepewa na mfadhili, na wengine wanaazima ile ya kijana wa mwanachama aliyemaliza chuo. Ni jambo jema. Hisa, mikopo na faini zilizokuwa zikijaza madaftari matatu sasa zinakaa mahali pamoja, na kujumlisha hakumalizi tena nusu ya mkutano.

Lakini daftari likimwagikiwa na chai, bado utasoma kurasa nyingine. Hesabu za kompyuta zikipotea, huenda zote zikaenda pamoja: nani amekopa shilingi 8,000, nani amebakisha 2,500, nani hajalipa kitu. Kikundi cha watu 25 kikikosa rekodi hiyo, kila mtu atakumbuka deni lake kwa namna yake, na hapo urafiki wa miaka mingi huvunjika. Kwa hivyo tunazungumza juu ya betri na hesabu kwa pamoja, maana kule vijijini ambako stima haijafika au huja na kwenda, moja humponza mwenziwe.

Ubao na daftari

Ndani ya laptopu kuna sehemu mbili za kuweka mambo. Ya kwanza ni kama ubao wa darasani. Kila unachoandika huanzia pale, na ubao huo unaishi kwa nguvu za umeme tu. Zikikatika, unafutika mara moja. Ya pili ni diski, nayo ni kama daftari: haihitaji umeme ili kushika ilichoandikiwa. Kuhifadhi, yaani kubonyeza Ctrl na S pamoja, ni kuchukua yaliyo ubaoni na kuyanakili daftarini. Mama mweka hazina aliyeingiza malipo ya watu 20 bila kubonyeza hivyo, bado ameandika ubaoni.

Programu kama Excel na LibreOffice hujiwekea akiba zenyewe, kwa kawaida kila baada ya dakika 10. Huo ni msaada wa dharura, usiuegemee. Dakika 10 katika siku ya kukusanya pesa ni watu wengi. Sisi twashauri hivi: mwanachama mmoja akimaliza kulipa, Ctrl na S, ndipo aitwe anayefuata.

Tena, kufunga kifuniko si kuzima. Laptopu nyingi zikifungwa hulala tu, na ule ubao unaendelea kunywa chaji kidogo kidogo. Ukiiacha hivyo kutoka Jumamosi hadi Jumatano, unaweza kukuta betri imekufa na kazi ambayo hukuhifadhi imeenda nayo. Kuna njia nyingine inayoitwa "Hibernate" kwenye mashine za Windows: ubao mzima unanakiliwa kwenye diski, kisha mashine inazimika kabisa. Mara nyingi neno hilo limefichwa. Mwambieni fundi aliweke, na aiagize mashine ifanye hivyo yenyewe chaji ikibaki kama asilimia 10.

Mradi mnahifadhi kila wakati, laptopu inaishinda kompyuta ya mezani kwa kazi zetu. Stima ilipopotea karibu nchi nzima usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, kompyuta za mezani zisizo na betri ya akiba zilizimika papo hapo. Mwenye laptopu yenye chaji alipata nafasi ya kumaliza na kuhifadhi.

Betri yenyewe

Betri za laptopu za leo ni za lithiamu, aina ambayo kampuni ya Sony ilianza kuiuza mwaka wa 1991. Bado kuna watu wanaoshauri kwamba betri lazima iachwe iishe kabisa kabla ya kuchajiwa. Ushauri huo ulikuwa wa betri za zamani za nikeli. Ya lithiamu haipendi kuisha kabisa, wala haipendi kukaa imejaa siku zote. Ikizunguka kati ya asilimia 20 na 80 itadumu zaidi. Si mwiko lakini. Siku ya mkutano ijazeni mpaka 100.

Adui yake mkubwa ni joto. Nyumba ya mabati saa nane mchana, au dirisha la mbele la matatu juani, huizeesha betri upesi. Msiiweke juu ya blanketi au leso ikifanya kazi, kwani matundu ya hewa yaliyo chini huzibwa. Na betri ikianza kuvimba, ikiinua kibodi, acheni kuitumia na msiichaji tena. Isitobolewe, isitupwe motoni wala chooni. Ipelekeni kwa fundi anayejua mahali pa kuzipokea.

Itadumu saa ngapi? Tazameni kibandiko cha betri, mtafute nambari yenye Wh. Tuseme ni 48. Kuandika hesabu huku mwanga wa skrini umepunguzwa kwaweza kula wati 12 hivi, basi ni saa 4. Mkiongeza mwanga na kuonyesha filamu, ikafika wati 24, ni saa 2. Betri iliyozeeka hupungua, tena husema uongo: inaandika asilimia 30, halafu ghafla mashine inazimika. Kwa hivyo chagueni siku isiyo na kazi, ijazeni, iacheni ifanye kazi mpaka ijizime, mwandike ilichukua muda gani. Huo ndio muda wenu wa kweli, nao usitumike wote mkutanoni.

Kuchaji bila stima

Vikundi vingi hutumia betri ya gari au ya sola. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 hushika 12 mara 50, yaani Wh 600. Lakini betri hizi za risasi huharibika zikikamuliwa mara kwa mara kupita nusu, basi hesabuni 300 tu. Kujaza laptopu yetu ya Wh 48 kupitia inveta kwaweza kula kama 60, kwa kuwa inveta na chaja nazo hupoteza. Hiyo ni mara 5, kama hakuna taa wala simu zinazonyonya hapo hapo. Paneli ya wati 50 kwenye jua zuri inaweza kurudisha kiasi cha laptopu kwa muda wa asubuhi moja.

Chaja ya laptopu ya kutumia kwenye gari hupoteza kidogo kuliko inveta. Kabla ya kununua, someni kibandiko cha chaja yenu. Kikiandika 19V na 3.42A, hiyo ni kama wati 65, na chaja mpya lazima itoe volti hizo hizo. Kuunganisha waya za volti 12 moja kwa moja kwenye tundu la laptopu ni kucheza na mashine ya watu 25.

Nakala iwe kwa nyumba nyingine

Mwizi akija, haibi laptopu akaacha flashi iliyo ndani ya mfuko ule ule. Moto pia. Kwa hivyo, baada ya kila mkutano, nakili faili kwenye flashi mbili. Moja ikae kwa katibu, nyingine kwa mwenyekiti, nyumba mbalimbali. Fanyeni hivyo wakati chaji ni ya kutosha, kwa sababu umeme ukikatika flashi ikiandikwa, faili nzima yaweza kuharibika. Kabla ya kuichomoa, iambieni mashine iiachilie kwanza. Flashi hizo zisiende saiba kuchapisha barua, maana huko ndiko virusi huchukuliwa. Wekeni nyingine ya kazi hiyo.

Na karatasi bado ina heshima yake. Ukurasa mmoja wa salio la kila mtu, uliochapishwa au kuandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi, hauhitaji chaji.

Faili hiyo ina nambari za vitambulisho na za simu za wanachama, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawataka wanaoshika habari za watu wazilinde. Wekeni neno la siri kwenye faili yenyewe, hata ile ya flashi. Viongozi wawili walijue, asije mmoja akaugua akabaki nalo peke yake.

Kila baada ya miezi mitatu, chukueni flashi moja mkaifungue kwenye kompyuta nyingine iliyo safi. Someni salio la wanachama watatu, walinganishe na kadi zao. Ikikataa kufunguka, laptopu bado iko hai, na nakala nyingine yaweza kutengenezwa jioni hiyo hiyo.