Chembechembe nyeupe hujuaje upande wa kwenda?

Msomaji, ukijikata kidole na kidonda kikaingia viini, huenda ukaona usaha baada ya siku chache. Sehemu kubwa ya usaha huo ni chembechembe nyeupe za damu zilizofia vitani zikikulinda.

Je, chembe isiyo na macho wala miguu hufikaje penye viini? Hujibadilisha umbo. Upande mmoja hutangulia kama mguu, na upande wa pili hujikunja na kufuata kama mkia. Miongoni mwa protini zinazotoa amri ya kutangulia ni zile ziitwazo Rac.

Mwaka 2008, wataalamu wa hesabu Yoichiro Mori, Alexandra Jilkine na Leah Edelstein-Keshet walionyesha kwa milinganyo jinsi upande mmoja unavyoweza kuwa mbele. Protini zilizo kazini hushika ukuta wa chembe na kusogea polepole. Zilizopumzika huelea ndani na kusambaa upesi. Kila iliyo kazini huita nyingine, kama watu wa harambee. Lakini jumla yake haiongezeki. Waliobaki nyumbani hupungua, hadi wanaokuja wakalingana na wanaoondoka. Hapo mpaka husimama: huku mbele, kule nyuma.

Hesabu hizi zamhusu nini mzazi? Mwaka 2000, madaktari nchini Marekani walieleza habari za mtoto mvulana wa wiki tano aliyekuwa na kasoro katika protini ya Rac2. Chembechembe zake nyeupe zilishindwa kujipanga mbele na nyuma, na hazikuweza kuvifuata viini vizuri. Alipatwa na maambukizi makali, na vidonda vyake havikupona ipasavyo.

Maradhi ya namna hii ni nadra, lakini yana funzo. Damu ikipimwa, chembechembe nyeupe zaweza kuonekana nyingi, ilhali hazifiki kidondani. Wingi bila mwelekeo haufai kitu.

Kwa hivyo, ikiwa kitovu cha mtoto hakijaanguka baada ya wiki tatu, au anaugua mara kwa mara na vidonda vyake havifungi wala kutoa usaha, mpeleke hospitali bila kukawia. Usipake kitovu majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Mweleze daktari tangu lini hali hiyo ilianza. Ikigunduliwa mapema, mtoto aweza kuokolewa.