Pinyo za kitambaa: nyepesi kuliko chuma, lakini hazipendi unyevu

Kitambaa cha pamba kinaweza kuzungusha mashini. Siri ni rezini ya fenoli, ile Bakelite ambayo Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ghent, Ubelgiji, aliitangaza mwaka 1909.

Kiwandani, vitambaa hulowekwa katika rezini, hukaushwa, hupangwa kimoja juu ya kingine, kisha hukandamizwa kwa joto kali. Hutoka bao gumu lisiloyeyuka tena. Fundi hulikata, hulitoboa na kulichonga kwa mashini.

Uzito wake haufiki robo ya ule wa chuma, tena halipitishi umeme kwa urahisi. Pinyo zake hazina kelele nyingi. Ndiyo sababu injini kadhaa za zamani za Chevrolet zilizitumia.

Lakini pamba hunywa maji. Kipande kilichochongwa kwa kipimo kamili huvimba kikikaa penye unyevu, na mhimili unaweza kukwama ndani ya tundu lake. Fundi mwenye uzoefu huacha nafasi kidogo tangu mwanzo.

Hatari nyingine inamgusa fundi mwenyewe: vumbi laini la kuchonga huingia mapafuni. Kuchonga bila maski na bila mashini ya kuvuta vumbi ni kuuza afya yako kwa bei ya pinyo moja.