Jemadari Aliyesimama Mbele ya Mjane

Eugène Delacroix (1798–1863) alikuwa mchoraji mashuhuri wa Ufaransa, wa mkondo uitwao ulimbwende, yaani wa wasanii waliotanguliza hisia na mwendo kuliko utulivu na vipimo. Mwaka 1840 alionyesha mjini Paris picha ambayo kimo chake chakaribia mita 5, iitwayo Haki ya Trajan. Leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Rouen.

Trajan alikuwa mwanajeshi, akaitawala Roma tangu mwaka 98 hadi 117. Yasimuliwa kwamba siku moja alipokuwa akienda vitani na majeshi yake, mama mjane alimzuia njiani, akidai haki kwa mwanawe aliyeuawa. Kaisari akamwambia angoje hadi atakaporejea. Mama akauliza: na usiporejea? Kaisari akajibu kwamba mrithi wake angelishughulikia. Mama akasema kuwa wema wa mtu mwingine haulipi deni lake yeye. Ndipo Trajan akasimama, akaamua shauri lile kwanza.

Kabla ya kushika rangi, Delacroix alichora rasimu. Rasimu haina mapambo. Mistari michache tu huamua nani akae wapi, na hapo ndipo fikra ya mchoraji hujulikana. Upande mmoja aliweka uzito wote wa dola: farasi, bendera na askari. Upande wa pili aliweka mwanamke mmoja, asiye na silaha ila mikono aliyoinyosha. Na uzito ule wote umesimama kwa ajili yake.

Sisi Warundi jambo hili si geni kwetu. Katika vilima vya Gitega, kama kwingineko nchini, tangu enzi za wafalme bashingantahe waliamua mashauri ya wakubwa na wadogo. Jina lao latokana na intahe, fimbo ya haki, ambayo kazi yake haikuwa kumpiga mtu.

Lakini tunajua pia gharama ya kusahau. Mwaka 2006, huko Muyinga, raia waliokamatwa na wanajeshi waliuawa, na miili ikatupwa katika mto Ruvubu. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi iliwatia hatiani wanajeshi kwa mauaji hayo. Jamaa za marehemu walikuwa wamengoja miaka miwili, na hakuna hukumu iwezayo kumrudisha mtu kutoka mtoni. Hata hivyo, siku ile sare haikuwa kinga ya aliyeivaa.

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, kaisari hakuja na ubaya alipomwambia mjane angoje. Alikuwa na safari, alikuwa na amri, alikuwa na vita. Nanyi kila siku mna doria, mna zamu, mna amri ya mkubwa. Mama atakayefika kizuizini au kituoni na shauri lake hatajua hayo. Atakachokijua ni kama alisikilizwa, au aliambiwa arudi kesho.