Stesheni Kuukuu ya Kulehemu: Kutafuta Hitilafu na Kuitengeneza

Stesheni ya kulehemu ni pasi ya risasi yenye kidhibiti joto. Transfoma iliyo ndani ya kisanduku hushusha umeme wa volti 230 hadi 24, kebo laini huupeleka kwenye mpini, na humo hita huipasha ncha moto. Pasi ya kuchomeka moja kwa moja ukutani huzidi kupata moto hata fundi asipoitumia, na ndiyo inayobandua njia za shaba kwenye bodi ya simu. Stesheni hukata umeme ncha inapofika kiwango kilichowekwa, kisha huurudisha ikianza kupoa.

Stesheni kuukuu inapogoma, mafundi wengi hukimbilia kufungua kisanduku. Hapo wanaanzia mwisho. Mpini ndio unaopindwa, unaoangushwa na unaoungua kila siku, kwa hiyo ndio wa kushukiwa kwanza. Kwa fundi wa Mbozi Mission, ambaye kipuri kisipopatikana jirani hana budi kukifuata katika miji ya Vwawa au Tunduma, kukijua hasa kilichokufa kabla ya kupanda gari ni kuokoa nauli na siku nzima ya kazi.

Aina ya kidhibiti ijulikane mapema. Stesheni za zamani za Weller za mtindo wa Magnastat hazina kitufe cha kuzungusha. Nyuma ya ncha kuna kipande cha metali kinachovutwa na sumaku iliyo ndani ya mpini. Kipande hicho kikifika joto lake maalumu hupoteza usumaku, springi huirudisha sumaku nyuma, na swichi hukata umeme kwa mlio mdogo, “tak”. Joto huchaguliwa kwa kubadilisha ncha: iliyogongwa namba 6 ni ya nyuzi 315 hivi za Selsiasi, 7 ni 370 na 8 ni 425. Mlio usiposikika na ncha ikiwa nyekundu, swichi imeganda. Mlio usiposikika na ncha ikibaki baridi, huenda uchafu umeizuia sumaku kusogea, swichi imechakaa, au umeme haufiki kabisa.

Aina ya pili, iliyoenea zaidi, ni Hakko 936 na nakala zake nyingi kutoka China. Hapa hita ya kauri imeambatanishwa na sensa, na saketi ndani ya kisanduku husoma sensa hiyo. Mpini ukiwa umepoa na plagi yake yenye pini tano imechomolewa kwenye kisanduku, multimita hueleza karibu kila kitu. Katika Hakko halisi, pini za 4 na 5 ni za hita na husoma omu 2.5 hadi 3.5. Pini za 1 na 2 ni za sensa, omu 43 hadi 58. Kati ya pini ya 3 na ncha yenyewe, omu zisifike 2. Nakala nyingine zina hita na sensa za aina tofauti, hivyo namba hizi zisitumike kuhukumu kila mpini.

Ukinzani wa sensa ya Hakko huongezeka kadiri joto linavyopanda. Waya wake ukikatika, saketi hudhani ncha imeshapata moto kupita kiasi, na haipeleki umeme. Sensa ikipiga shoti, saketi hudhani ncha ni baridi na huendelea kuichochea bila kikomo. Kwa hiyo pasi isiyopata moto inaweza kuwa na hita nzima kabisa.

Kipimo kifanyike huku kebo ikipindwa polepole, hasa pale inapoingia kwenye mpini. Namba zikirukaruka, waya umekatika ndani ya mpira ingawa nje hauonyeshi jeraha. Dawa yake ni kukata kipande hicho kibovu, kufupisha kebo na kulehemu upya kila waya mahali pake.

Mpini ukiwa mzima, ndipo kisanduku kifunguliwe, plagi ya ukutani ikiwa imechomolewa. Fyuzi hupimwa, kisha koili za transfoma. Ncha inayopata moto uleule hata kitufe kikizungushwa, ilhali sensa ni nzima, mara nyingi huashiria triaki, yaani swichi ya kielektroniki ya hita, iliyopiga shoti. Joto linalorukaruka kitufe kinapoguswa hutokana na potenshomita chafu. Viungo vya soketi ya mpini navyo hupasuka kwa kuvutwa, na kuvilehemu upya ni kazi ya dakika chache.

Hita nayo husingiziwa ubovu wa ncha. Ncha nyeusi haishiki risasi wala haipitishi joto vizuri. Isikwanguliwe kwa tupa wala msasa. Utando wa chuma ukishatoka, shaba iliyo ndani huliwa na bati na ncha hutoboka. Isuguliwe kwa sponji yenye unyevu au nyuzi za shaba nyeupe, ipakwe rosini, na ifunikwe kwa risasi ingali moto.

Fundi asiye na kipimajoto ana njia ya kukagua joto la stesheni yenye kitufe. Kitufe kiwekwe nyuzi 200. Risasi ya kulehemu yenye bati 63 na madini ya risasi 37 kwa mia, inayoyeyuka kwenye nyuzi 183, lazima iyeyuke. Ile ya bati na shaba isiyo na madini ya risasi, inayoyeyuka kwenye nyuzi 227, ibaki ngumu. Zikiyeyuka zote mbili, skrubu ya kurekebisha joto irudishwe kidogo kidogo. Mwisho, ukinzani upimwe kati ya ncha na pini ya athi ya plagi ya ukutani. Plagi ya miguu miwili haina athi, na chipu za simu huweza kufa kwa umeme tuli bila cheche kuonekana, kwa hiyo ibadilishwe pamoja na waya wake kabla stesheni haijarudi mezani.