Mzee Aoge Bila Kuanguka

Je, nyumbani kwako yuko mzee anayetembea kwa fimbo? Yuko mtu aliyepooza upande mmoja? Anaoga wapi?

Katika vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo, bafu ni ua wa nyasi nyuma ya nyumba. Chini ni udongo mwekundu. Udongo huo ukilowa maji na sabuni huteleza kama mlenda. Kijana akiteleza hucheka, akainuka. Bibi akiteleza huvunjika nyonga, na wazee wengi wakivunjika hapo hawatembei tena vizuri. Ndiyo maana utamsikia bibi akisema, "Leo sitaogi, kuna baridi." Baridi ya huku kwetu ni kali, ni kweli. Lakini pengine anaogopa kuanguka, naye anaona haya kusema.

Anza na chini. Ondoa udongo laini. Mwaga changarawe, uishindilie, kisha panga mawe bapa yenye uso wa kukwaruza. Mawe yasicheze. Acha mteremko mdogo ili maji yaende kwenye migomba. Kila wiki sugua mawe kwa mchanga na majivu, maana ukoga huteleza kuliko matope. Kizingiti cha mlangoni king'oe.

Halafu kiti. Kigoda hakifai. Ni kifupi, mwenye magoti mabovu atakaa, lakini hatainuka. Tengeneza kiti cha miguu minne, kimo chake kifike gotini kwa huyo mzee. Miguu itanuke chini. Mbao za juu ziachiane nafasi, maji yapite. Mkalishe kwanza akiwa na nguo zake, mkijaribu.

Jambo kubwa ni mti wa kushikia. Chimba mashimo mawili kando ya kiti, kila moja kina cha sentimita 60. Simamisha nguzo, shindilia kwa mawe. Funga mti wa kulala kimo cha kiuno. Unene wake uenee mkononi. Utoe magome na vibanzi. Kwa aliyepooza, mti uwe upande wa mkono wenye nguvu. Kila mwezi utikise, kwa sababu mchwa hula nguzo chini ya ardhi, na juu ikaonekana nzima.

Ndoo iweke juu ya kile kigoda tulichokikataa, ili mzee asiiname sana. Tia maji baridi kwanza, halafu ya moto. Pima kwa kiwiko chako wewe. Mwenye ukoma, kisukari au aliyepooza, ngozi yake huenda isisikie moto. Ataungua bila kujua. Sabuni itie katika kitambaa, uifunge kwenye mti. Ikianguka, ataifuata.

Aoge mchana. Mlango uwe pazia la khanga, si wa kufungwa kwa ndani. Wewe kaa nje karibu, mpe mgongo, mzungumze. Akinyamaza, mwite. Akimaliza, ajifute na kuvaa nguo akiwa bado amekaa.